Ufunguo wa Mlango wa Nyuma Uko Wapi?

Mwezi huu ukurasa wetu mkubwa unazungumza na wenye baa, wenye hoteli zinazouza bia, na akina mama wanaopika pombe nyumbani ili watoto wapate daftari na sabuni. Na wewe usiyekunywa wala kuuza, tafadhali usigeuze ukurasa. Hapa Kakuma baa haziko mbali na nyumba. Ukuta wa baa ndio ukuta wa jirani, na upande wa pili wa ukuta huo kuna mtoto amelala.

JUMAMOSI USIKU

Jumamosi moja mimi na mwenzangu tulizunguka baa tatu. Hatukwenda kama wakaguzi, maana sisi si wakaguzi. Tulinunua soda, tukakaa, tukaangalia. Majina tunayaficha, kwa sababu hatutaki kumwaibisha mtu. Hata nyumba zetu sisi wenyewe zina makosa hayohayo.

Baa ya kwanza ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya udongo. Juu ni mabati, na chini ya mabati wametandika turubai na vitenge ili joto lipungue. Muziki ulikuwa juu, watu wamejaa. Tulijaribu kuhesabu, tukafika 70 tukachanganyikiwa. Mlango wa mbele ulikuwa mmoja, upana wake watu wawili wakibanana. Nyuma ya kaunta tukaona mlango mwingine wa bati, una kufuli kubwa.

Nikamuuliza mama mwenye baa: "Mama, ule mlango unafunguka?"

"Unafunguka vizuri sana, mwanangu. Ila ufunguo uko na mzee."

"Na mzee yuko wapi?"

"Amekwenda Lodwar kuleta mzigo. Atarudi Jumatatu."

Tulicheka wote, hata yeye mwenyewe alicheka. Halafu tukanyamaza. Kutoka hapa mpaka Lodwar ni zaidi ya kilomita 100.

Nikamuuliza kwa nini wanaufunga. Akanijibu bila kuficha: "Wewe huwajui watu. Mtu anakunywa chupa nne, anasema anaenda kujisaidia, anapitia nyuma, basi, kwisha. Bili nalipa mimi. Na wezi je? Wezi nao nitawaambia nini?"

Sababu yake ni ya kweli. Nani kati yetu anafanya biashara hapa na hajawahi kukimbiwa na deni? Hatuwezi kumcheka. Lakini kufuli hilohilo, kwa sababu hiyohiyo, limeshaua watu katika miji mikubwa yenye magari ya zimamoto, umeme wa serikali na hospitali kubwa. Tuwasimulie.

MWENYE BAA ALIKUWA HOSPITALI

Tarehe 28 Novemba 1942, katika mji wa Boston huko Marekani, moto uliwaka ndani ya klabu moja ya pombe na muziki iliyoitwa Cocoanut Grove. Klabu ilikuwa na ruhusa ya kuingiza watu kama 460. Usiku huo waliingia karibu 1,000. Kuta na dari zilipambwa kwa vitambaa na minazi ya bandia. Moto ulianzia chumba cha chini, ukapanda ngazi, ukatembea juu ya vichwa vya watu kwa dakika chache tu.

Watu walikimbilia mlango mkuu, mlango ule wa kuzunguka. Waliposukuma wote kwa pamoja, ukakwama. Wengine wakakimbilia milango ya pembeni. Baadhi ilikuwa imefungwa, ili wateja wasitoke bila kulipa. Mingine ilifunguka kwa kuvutwa ndani, na watu walikuwa wamejaa mbele yake wanasukuma, kwa hiyo haikufunguka. Walikufa watu 492.

Sasa sikilizeni jambo hili, enyi wenye leseni. Mwenye klabu hakuwapo usiku huo. Alikuwa amelala hospitali, anaumwa, tena tangu siku nyingi. Hakuwasha kiberiti wala hakugusa kitu. Hata hivyo mahakama ilimkuta na hatia ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 12 hadi 15. Alikata rufaa, na mwaka 1944 mahakama ya juu ya jimbo ikasema hukumu isimame. Maneno yao kwa ufupi ni haya: ukiwaalika watu ndani ya nyumba yako ili upate pesa zao, usalama wao uko mikononi mwako. Kama ulijua milango imefungwa ukaacha hivyo, huwezi kusema "sikuwepo".

Yule alikuwa hospitali. Mzee wetu alikuwa Lodwar.

KUFULI LILELILE, MIAKA 70 BAADAYE

Mtu atasema, hayo ni mambo ya zamani. Hapana. Tarehe 30 Desemba 2004, huko Buenos Aires, Argentina, moto ulishika ukumbi wa muziki ulioitwa República Cromañón. Mlango wa dharura ulikuwa umefungwa. Watu 194 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013, katika mji wa Santa Maria huko Brazil, kikundi cha muziki kiliwasha fataki ndani ya klabu iliyoitwa Kiss. Cheche zikashika sponji ya darini. Njia ya kutokea ilikuwa moja. Mwanzoni walinzi wa mlangoni waliwazuia watu, wakidhani wanakimbia bila kulipa bili. Walipoelewa kwamba ni moto, muda ulikuwa umekwenda. Walikufa watu 242, wengi wao wanafunzi wa chuo.

Na tusidhani ni jambo la ng'ambo tu. Hapa Kenya, mwezi wa Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos. Moto ule uliwashwa kwa makusudi, lakini bweni lilikuwa na mlango mmoja uliofungwa na madirisha yenye nondo. Ile haikuwa baa, walikuwa watoto wamelala. Lakini kufuli halijui tofauti ya mwanafunzi na mlevi.

MOTO UNATUPA DAKIKA NGAPI?

Wengi tunafikiri tukiona moto tutakuwa na muda wa kuzima muziki, kutafuta ufunguo, kuchukua simu na pesa. Muda huo haupo.

Tarehe 20 Februari 2003, klabu moja iliyoitwa The Station, katika jimbo la Rhode Island huko Marekani, iliungua mbele ya kamera. Mtu alikuwa ndani anapiga picha za video, kwa hiyo wataalamu waliweza kuhesabu sekunde baada ya sekunde. Fataki za jukwaani zilishika sponji iliyobandikwa ukutani ili sauti isitoke nje. Baada ya dakika moja na nusu hivi, moshi na joto vilikuwa vimefika mahali ambapo mtu hawezi kuishi. Klabu ilikuwa na milango minne ya kutokea. Wengi walikimbilia mlango mmoja, ule walioingilia, wakaangukiana pale. Walikufa watu 100.

Katika habari hii kuna mafunzo matatu yanayotuhusu hapa kambini.

La kwanza, ile sponji. Ni aina ileile ya sponji ya godoro tunalolalia. Inashika moto haraka, na moshi wake ni sumu. Ukiiweka ukutani au darini kwa baa, umeweka kuni juu ya vichwa vya wateja. Turubai nalo si rafiki: linayeyuka, linadondosha matone ya moto juu ya watu.

La pili, mtu hukimbilia mlango alioingilia. Kwa hiyo haitoshi kuwa na mlango wa pili. Lazima mteja aujue. Uonekane, uandikwe KUTOKA kwa herufi kubwa, na kreti za bia zisipangwe mbele yake.

La tatu, wakaguzi walikuwa wamepita katika klabu ile zaidi ya mara moja, na ile sponji haikuandikwa kama kosa. Karatasi zilikuwepo. Watu wakafa na karatasi zipo. Cheti kilichobandikwa ukutani nacho kinaungua kama karatasi nyingine.

Na jambo jingine tuongeze wenyewe. Mtu aliyekunywa si sawa na mtu mzima wa kichwa. Anachelewa kuelewa, anacheka akifikiri ni mchezo, anarudi kutafuta kofia, au amelala juu ya meza hasikii. Ndiyo maana wajibu wa mwenye baa ni mkubwa kuliko wa mwenye duka la sukari. Wewe ndiye uliyemuuzia kitu kilichompunguzia akili. Basi kwa saa hizo, akili yako ifanye kazi kwa niaba yake.

LESENI INASEMA NINI?

Katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kutoa leseni za pombe ni kazi ya serikali za kaunti, na huduma za zimamoto pia ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo ofisi za kaunti unakolipia leseni ndiko mahali pa kuulizia mambo ya moto. Ukienda kulipia, uliza: nani anakagua mambo ya moto, na anataka kuona nini? Usisubiri aje akukute.

Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inataka anayeuza awe na leseni, na jengo liwe katika hali nzuri. Inakataza kumuuzia mtoto chini ya miaka 18. Leseni ya biashara na leseni ya vileo ni karatasi mbili tofauti. Wengine wana moja wanafikiri wamemaliza.

Halafu kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Hii inahusu kila mahali watu wanapofanya kazi, na baa ni mahali pa kazi: kuna mhudumu, kuna mpishi, kuna kijana wa muziki. Sheria hii inasema wazi kwamba mlango wa kutokea usifungwe kwa namna ambayo mtu aliye ndani hawezi kuufungua mara moja, wakati bado kuna watu ndani. Someni tena sentensi hiyo. Haisemi "isipokuwa kama kuna wateja wenye deni". Kanuni za moto zilizotolewa mwaka huohuo 2007 zinaongeza vifaa vya kuzimia moto, kuhifadhi vizuri vitu vinavyoshika moto, na kuwafundisha wafanyakazi namna ya kutoka.

Na mama unayepika pombe nyumbani, tunajua huna leseni, na tunajua kwa nini unapika. Hatuandiki hapa ili kukushtaki. Sheria ya 2010 iliondoa marufuku ya zamani ya chang'aa, lakini ilisema iuzwe na mwenye leseni tu, tena ndani ya chupa za kioo. Ile ya kwenye jerikeni bado ni kosa. Lakini moto hauulizi leseni, kwa hiyo maneno yafuatayo ni yako pia.

POMBE YENYEWE INAWAKA

Bia na busaa haziwaki kwa urahisi, maana zina maji mengi. Pombe kali ni habari nyingine. Pombe yenye nguvu ya asilimia 40 huanza kutoa mvuke unaoshika moto ikifika joto la nyuzi 26 hivi. Sasa hapa kwetu mchana joto linapita nyuzi 35 mara nyingi. Maana yake, chupa iliyomwagika karibu na jiko inaweza kuwaka yenyewe ikitembea chini kama maji. Ile inayotoka kwenye mtungi wa kupikia, ya kwanza kabisa, ina nguvu zaidi na inawaka haraka zaidi. Usikinge chupa karibu na moto. Bomba liwe refu, pombe idondokee mbali na jiko. Usimwache mtoto alinde moto huo, hata kama ni mtoto mkubwa.

Petroli ndiyo mbaya kupita yote. Hata usiku wa baridi inatoa mvuke, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unaingia chini ya mlango, unatafuta jiko. Wewe unaona jerikeni liko mbali, kumbe mvuke umeshafika.

Hapa nirudi kwenye ile Jumamosi. Baa ya pili tuliyoingia ilikuwa na jenereta nyuma ya pazia. Kando ya jenereta kulikuwa na jerikeni la petroli la lita 20, mdomo wake umezibwa kwa mfuko wa plastiki. Na kando ya jerikeni, godoro. Juu ya godoro, watoto watatu wamelala. Njia yao ya kutoka ilikuwa moja, kupita katikati ya wateja. Baba yao akatuambia, "Wakilala nyumbani peke yao naogopa. Hapa nawaona." Ni baba mwema, analinda watoto wake. Lakini alikuwa amewalaza kati ya petroli na ukuta.

MAMBO MANANE YA KUFANYA

Haya hayahitaji mfadhili wala semina. Mengi hayahitaji hata shilingi.

1. Milango miwili. Iwe pande tofauti, ifunguke kwa kusukuma nje. Wakati kuna mteja ndani, hakuna kufuli. Weka komeo la ndani linalofunguka kwa mkono mmoja, hata gizani, bila ufunguo. Mwizi wa nje hawezi kulifungua, mteja wa ndani anaweza.

2. Hesabu ya watu. Pima chumba chako. Katika miongozo ya Uingereza, watu waliokaa mezani huhesabiwa kama mtu 1 kwa kila mita mraba 1, na chumba chenye njia moja tu ya kutokea hakitakiwi kuzidi watu 60. Chumba cha mita 6 kwa 5 ni watu 30 wa mezani. Wakizidi, wengine wakae nje kwenye kivuli. Nje wanakunywa vilevile.

3. Dari na kuta. Ondoa sponji, makuti makavu, turubai na karatasi za sikukuu karibu na taa na jiko. Joto likizidi, pandisha mabati au fungua madirisha makubwa zaidi. Dirisha lisiwe na nondo zisizofunguka.

4. Jenereta na mafuta. Jenereta likae nje, mbali na ukuta, pia kwa sababu moshi wake unaua kimyakimya. Zima kwanza, liache lipoe, ndipo uongeze mafuta. Mafuta yakae kwenye chombo chenye kifuniko chake, nje, kivulini, mbali na moto na mbali na mikono ya watoto.

5. Nyaya. Waya uliounganishwa kwa nailoni, waya mwembamba unaobeba friji, spika na taa kwa pamoja, huo ni kiberiti kinachosubiri. Ukigusa waya ukahisi joto, punguza mzigo leo leo. Mwite fundi anayejua, si yule wa bei rahisi.

6. Jiko la nyama, mishumaa na sigara. Jiko liwe nje, upande upepo unakoelekea, cheche zisirudi kwenye baa. Mnajua upepo wetu wa hapa. Mshumaa uwe ndani ya chombo cha kioo au bati. Weka mikebe yenye mchanga kwa vipande vya sigara. Kabla ya kufunga, zunguka uhakikishe hakuna jivu linalopumua.

7. Vifaa. Ndoo mbili za mchanga na pipa la maji, zisigeuzwe kuwa kiti wala sahani ya mifupa. Ukiweza, nunua mtungi wa poda. Angalia mshale wake kila mwezi: uwe kwenye kijani. Kuutumia: vuta pini, elekeza mdomo wake chini kabisa mahali moto unapoanzia, bana mkono, fagia kulia na kushoto. Maji ni ya mbao, nguo na karatasi. Usimwage maji kwenye mafuta yanayowaka wala kwenye umeme. Mafuta ya sufuria funika, umeme zima kwanza.

8. Wafanyakazi. Kila mmoja ajue kazi yake: nani anazima jenereta, nani anafungua nyuma, nani anapaza sauti. Muziki uzimwe mara moja na mtu aseme "Moto! Tokeni!" kwa lugha zote za wateja. Hapa kwetu tuna Kiswahili, Kirundi, Kiarabu, Kisomali, Kiamhari na nyingine. Jifunzeni neno hilo moja katika kila lugha. Fanyeni zoezi asubuhi moja kabla ya kufungua. Linachukua dakika tano.

Mtu atauliza: na gari la zimamoto? Gari liitwe, ndiyo, piga 999 au 112. Lakini kumbukeni ile dakika moja na nusu. Hakuna gari duniani linalofika kwa dakika moja na nusu. Watakaowatoa wateja wako ni wewe na yule msichana wa kaunta.

WEWE MTEJA, NA WEWE JIRANI

Mteja naye ana kazi. Ukiingia kwa baa, kabla ya kuagiza, tazama: mlango wa pili uko wapi? Ukiona kufuli, sema. Usipojibiwa, kunywa kwingine. Mwenye baa anaogopa kukosa wateja kuliko anavyoogopa mkaguzi. Moshi ukianza, usirudi kuchukua chupa wala simu. Inama, tembea chini kabisa karibu na sakafu, maana hewa nzuri inabaki chini. Nguo ikishika moto, usikimbie: simama, jilaze chini, jiviringishe.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, ndipo apelekwe kliniki. Usimpake dawa ya meno, mafuta, wala udongo. Vitu hivyo vinaleta vidonda vibaya zaidi.

Majirani, ongeeni na mwenye baa kwa upole, mkiwa na kiongozi wa bloku. Msianze na vitisho vya polisi. Mwambieni, "Baba, watoto wetu wanalala nyuma yako." Maneno hayo hakuna mzazi asiyeyaelewa. Kati ya baa na nyumba acheni njia wazi. Msiijaze kuni na miiba ya uzio.

TULIRUDI

Wiki mbili baadaye tulirudi katika ile baa ya kwanza. Tulikuwa tumemsimulia mama habari ya Boston, na ya yule mwenye klabu aliyekuwa hospitali. Siku ile alisema tu, "Nitaongea na mzee." Tukaondoka tukijua jibu hilo kwa kawaida maana yake ni hapana.

Tulikuta kufuli halipo. Kuna komeo la chuma, fundi wa bloku ya jirani alilichomelea. Kwenye mlango wameandika KUTOKA kwa rangi ya buluu, herufi zimepinda kidogo. Turubai la darini bado lilikuwepo. Tukamwuliza. Akasema, "Hilo nangoja pesa. Siwezi yote siku moja."

"Na wanaokimbia na bili, mama?"

Akatuonyesha kaunta. Ametundika karatasi: LIPA KWANZA, CHUPA BAADAYE. Akasema wiki ya kwanza wateja walinuna, wengine walihama. Wiki ya pili wengi walirudi. Mzee aliyekuwa Lodwar alikuwa amekaa pale mlangoni na soda yake. Akatuambia, "Mimi nilifikiri ule ufunguo mfukoni ni wa kulinda mali. Usiku mmoja huko Lodwar nikaugusa, sikulala."

Ile baa ya pili, jerikeni limehamishwa nje. Watoto bado wanalala kule nyuma ya pazia. Baba yao ameahidi kutoboa mlango upande wa uani. Hatujui kama atatimiza. Tutapita tena tumwone.

Ndugu msomaji mwenye leseni, leo jioni kabla hujafungua, fanya jambo moja. Zima taa, simama katikati ya baa yako, fumba macho, halafu jaribu kutoka kwa mlango wa nyuma. Ukishindwa wewe uliyeijenga nyumba hiyo, mteja aliyelewa ataweza vipi?

Mungu azilinde nyumba zenu. Tuonane toleo lijalo.